Tujenge kwa mtindo gani? Swali la 1828 nyuma ya nguzo za Baden-Baden

Kuna jengo moja la Ujerumani ambalo watu wengi wanalipiga picha na wachache wanalisoma. Linaitwa Trinkhalle, maana yake ukumbi wa kunywa, na liko Baden-Baden, mji wa maji ya moto kando ya milima ya Schwarzwald. Kwa picha linaonekana jambo rahisi: nguzo 16 za Kikorintho zimejipanga mstari mmoja, ngazi katikati, bustani mbele. Mtu anaangalia kidogo, anasema "hii ni Ugiriki", anapita. Mimi nasema hapana. Aliyelichora jengo hili alikuwa amepigana hadharani na wale waliokuwa wakikopia Ugiriki, na vita yake inaonekana bado pale ukijua pa kuangalia.

Nalisoma kwa michoro, picha na maandishi, sawa vile wengi wetu tunavyosoma usanifu wa Ulaya tukiwa huku. Nataka kulitetea kwa jambo moja na kulishitaki kwa lingine. Nalitetea juu lilijibu kwa ukweli swali la "tujenge vipi". Nalishitaki juu lilikuwa na jibu dogo sana kwa swali la "tunajengea nani". Na kwetu sisi tunaotoka chuo na diploma mkononi, maswali hayo mawili yanakuja siku moja, kwa mteja mmoja.

Tuanze na mji. Chemchemi za Baden-Baden zinatoka chini ya kilima cha Florentinerberg, na zile za moto zaidi zinafika nyuzi 68. Warumi walishaoga pale, mabaki ya mabafu yao yako hata leo. Katika karne ya 19 madaktari hawakuishia kumwambia mgonjwa aoge. Walimwambia pia anywe maji yale, tena anywe akitembea. Glasi moja, matembezi, glasi nyingine, matembezi tena. Dawa ilikuwa maji pamoja na miguu. Kwa hiyo mji wa namna hii ulihitaji jengo la ajabu kidogo: halikuwa hospitali, kanisa wala soko. Ulihitaji kivuli kirefu cha kutembelea, kilichofunguliwa upande wa bustani na kufungwa upande wa mvua na upepo.

Trinkhalle njo kivuli hicho. Ilijengwa kati ya 1839 na 1842, wakati nchi ya Baden ilipokuwa chini ya Leopold. (Tulieni, si yule wa mpira na mikono iliyokatwa. Huyu ni mtawala wa Baden, alikaa kitini toka 1830 hadi 1852.) Baraza yake ina urefu wa mita 90 hivi. Ukiiona kama mapambo utasema ni ndefu kupita kiasi. Ukikumbuka kwamba mgonjwa ameambiwa atembee na glasi mkononi hata siku ya mvua, urefu ule unakuwa kipimo cha kazi.

Sasa, mtu mwenyewe. Heinrich Hübsch alizaliwa 1795. Alisoma usanifu Karlsruhe kwa Friedrich Weinbrenner, mkubwa wa wasanifu wote wa Baden wakati ule, halafu akasafiri Italia na Ugiriki akayaona mahekalu kwa macho yake. Hilo tulishike. Aliyekuja kusema "tuache kukopia Wagiriki" hakuwa mtu aliyeshindwa kuwasoma. Alikuwa ameyazunguka mawe yao.

Mwaka 1828 akatoa kitabu kidogo chenye kichwa cha swali: In welchem Style sollen wir bauen? Kwa Kiswahili, tujenge kwa mtindo gani? Alikitoa wakati wasanii wa Ujerumani walipokutana Nürnberg kukumbuka miaka 300 tangu kifo cha mchoraji Dürer. Ni kama mtu anaingia kwenye sherehe ya wakubwa na kuweka mezani swali ambalo hakuna anayetaka kulisikia.

Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, inakwenda hivi. Hekalu la Mgiriki ni zuri kwa sababu ni la kweli. Mgiriki alikuwa na marumaru, jiwe gumu linaloweza kulazwa juu ya nguzo mbili na kubeba uzito bila kukatika. Alikuwa na jua na majira ya baridi mafupi. Kutoka kwa jiwe lile, hewa ile na mahitaji yale likatoka umbo lile. Mjerumani wa kusini yuko na nini? Yuko na jiwe la mchanga, ambalo ukililaza kwa urefu linavunjika. Yuko na mvua, theluji, baridi. Yuko na majengo ya ghorofa, madirisha mengi, kumbi kubwa ambazo Mgiriki hakuwahi kuzihitaji. Basi akikopia umbo la Mgiriki, atalazimika kudanganya: ataficha tao ndani ya ukuta na kubandika boriti ya uongo mbele yake, atasimamisha nguzo ambazo hazibebi kitu. Kwa Hübsch, kumwiga Mgiriki kwa namna ile ni kumsaliti, kwa sababu Mgiriki mwenyewe hakudanganya.

Jibu lake lilikuwa tao la duara. Tao linajengwa kwa mawe madogo, linavuka nafasi pana, linapeleka uzito pembeni mpaka chini. Jiwe la mchanga linaliweza. Tofali linaliweza. Tao lilikuwa limejulikana kwa Warumi na kwa makanisa ya kale, lakini Hübsch hakulitaka juu ya heshima ya kale. Alilitaka juu linafanya kazi kwa vifaa alivyokuwa navyo.

Kitabu hakikupita kimya. Mwaka uliofuata, 1829, msanifu Rudolf Wiegmann alimjibu kwa maandishi. Pingamizi lake bado lina nguvu: ukisema mtindo unatoka kwenye jiwe na hali ya hewa peke yake, umemfanya msanii kuwa mtumishi wa jiwe. Roho ya watu iko wapi? Nadhani Wiegmann aligusa mahali panapouma, na nitarudi hapo tutakapofika kwenye picha za ukutani.

Sasa tusimame ndani ya bustani, juu Baden-Baden inatupa bahati ambayo miji michache inatoa. Jirani na Trinkhalle kuna Kurhaus, nyumba kubwa ya wageni wa mji: kumbi za muziki, za dansi, za chakula na za kamari. Imejengwa na nani? Na Weinbrenner, mwalimu wa Hübsch, kati ya 1821 na 1824. Nayo ina nguzo za Kikorintho mbele, nane. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wamesimama upande kwa upande, miaka kama 15 inawatenganisha, na wote wawili wametumia nguzo ya aina moja. Mtu mwenye haraka ataona familia moja. Mimi naona ubishi.

Angalia kinacholala juu ya nguzo. Kwa Weinbrenner, nguzo nane zinabeba boriti iliyonyooka, sawa vile hekalu linavyotaka. Ule ni uso. Ukiuondoa, nyumba ya nyuma inabaki imesimama. Kwa Hübsch, kutoka nguzo moja hadi nyingine hakuna boriti ndefu ya jiwe. Kuna tao, tao lililobonyezwa, lisilofika nusu duara, linaruka kutoka kichwa cha nguzo hadi kichwa cha nguzo kwa mita zote 90. Kwa sababu ya matao yale, nguzo zinaweza kusimama mbali mbali, na baraza inakaa wazi, nyepesi, mtu anaona bustani bila kuzuiwa na msitu wa mawe. Ondoa nguzo moja pale, utaona kama jengo litanyamaza.

Mwanafunzi mkali atauliza: lakini kama Hübsch alikuwa na msimamo, nguzo ya Kikorintho inatafuta nini pale? Si angeweka nguzo ya mraba ya tofali, amalize? Swali ni la haki. Tena tao lenyewe si lile la duara kamili alilolipigania kwenye kitabu, amelibonyeza. Kuna watakaosema kwamba baada ya miaka kumi na kazi ya serikali, kijana wa 1828 alikuwa amepoa, na kwamba mji wa starehe ulimtaka apambe, naye akapamba.

Mimi nasoma tofauti. Kitabu cha 1828 hakikusema kwamba kitu cha kigeni ni haramu. Kilisema kila sehemu ya jengo ijieleze: unafanya kazi gani hapa? Nguzo ya Kikorintho ya Trinkhalle inaweza kujibu. Inabeba tao, ni nyembamba kwa sababu tao limepunguza mzigo, na wembamba wake unaacha mwanga upite hadi ukuta wa nyuma. Tao lililobonyezwa nalo linajibu: tao la duara kamili kwa upana ule lingepandisha paa juu sana, na baraza ya kutembelea ingepoteza kimo chake cha kibinadamu. Hübsch hakutii kitabu chake kama katekisimu. Alikitumia kama chujio. Alichokichukua kwa mgeni kilibidi kifanye kazi ya mwenyeji. Hapo njo namvulia kofia.

Sasa tugeuke, tuangalie ukuta wa nyuma, juu hapo sifa zangu zinapungua. Kwenye ukuta ule Jakob Götzenberger alichora picha kubwa 14. Zingekuwa za miungu ya Ugiriki tungeelewa. Ndiyo ilikuwa desturi ya majengo ya namna hii. Lakini ni hadithi za eneo lenyewe, za milima na mito ya karibu. Kuna mabinti wa maji wa ziwa Mummelsee. Kuna yule bwana wa Eberstein aliyeruka na farasi wake kutoka jabalini mpaka mto Murg ili asikamatwe. Mtu wa Lubumbashi aliyekua na picha ya mamba-muntu sebuleni kwa mjomba ataelewa mara moja mabinti wa Mummelsee ni watu wa ukoo gani.

Kwa upande mmoja, hilo ni jibu kwa Wiegmann. Roho ya watu iko wapi? Iko hapa ukutani, majina ya milima ambayo mgonjwa anaiona akitoka nje. Jengo linachukua maji kutoka chini ya kilima na hadithi kutoka juu ya kilima. Kwa wakati ule hilo lilikuwa wazo la ujasiri, na hata leo ni somo.

Lakini uliza picha zile zinaangaliwa na nani. Mwaka 1838 nyumba za kamari zilikuwa zimefungwa Ufaransa, na Jacques Bénazet, mtu wa kamari kutoka Paris, akachukua kasino ya Baden-Baden. Tangu hapo mji ukajaa Wafaransa, Waingereza na Warusi wenye pesa. Turgenev alikaa pale miaka mingi akaandika riwaya ya Moshi, iliyotoka 1867, na Baden-Baden ndiyo uwanja wake. Dostoyevsky alipita pale mwaka huohuo akaacha pesa zake mezani. Kasino hazikufungwa mpaka 1872, baada ya dola mpya ya Ujerumani kuzipiga marufuku. Kwa hiyo asubuhi mtu alikunywa maji kwa Hübsch, jioni alipoteza mali kwa Weinbrenner. Ni mwendo wa dakika chache tu.

Kumbe basi hadithi za mkulima wa Schwarzwald zilichorwa mahali ambapo msomaji wake wa kwanza ni mgeni mwenye nafasi ya kupumzika wiki nzima na kulipia hoteli. Mkulima mwenyewe yuko ndani ya jengo, lakini yuko kama hadithi. Yuko ukutani, mwenye glasi ni mwingine. Tunaita jengo hili la umma, na ni kweli si nyumba ya mtu binafsi. Lakini umma gani?

Historia ilileta jibu lake haraka, na kwa ukali. Miaka saba baada ya Trinkhalle kumalizika, Baden ilikuwa ndani ya mapinduzi. Mwezi wa 5 mwaka 1849 Leopold alikimbia nchi yake. Jeshi la Prussia likaingia, likiongozwa na mwana wa mfalme Wilhelm, na tarehe 23 mwezi wa 7 ngome ya Rastatt, si mbali na Baden-Baden, ikasalimu amri. Wengine walipigwa risasi, wengi wakakimbilia Uswisi na Marekani. Na Wilhelm? Wilhelm akawa mgeni wa kila mwaka wa Baden-Baden, kama mfalme na baadaye kama kaizari. Mwaka 1861 mwanafunzi mmoja alimpiga risasi palepale, kwenye barabara ya miti ya Lichtentaler Allee, akamjeruhi kidogo tu. Mji wa kupumzika ulikuwa pia mji ambapo aliyevunja mapinduzi ya wenyeji alikuja kutembea chini ya kivuli chao.

Sisemi Hübsch ana damu mikononi. Msanifu hachagui nani atakuja kutembea barazani kwake miaka kumi baadaye. Nasema tu kwamba kitabu chake cha 1828, pamoja na ukali wake wote, kinauliza habari za jiwe, hewa, paa na mahitaji, na neno "mahitaji" kinalipita upesi. Mahitaji ya nani? Jiwe la mchanga lilipata wakili mzuri sana. Mchimba jiwe hakupata.

Leo Trinkhalle haina tena kazi ya kunyweshea wagonjwa. Ndani yake kumewahi kuwa na ofisi ya kupokea watalii. Mwaka 2021 Baden-Baden iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba katika nchi saba za Ulaya. Baraza ile ya mita 90 iko wazi upande wa bustani, na picha 14 zinaonekana na anayetaka kupanda ngazi. Tunaweza kusema kwamba jengo limekuwa la umma zaidi lilipopoteza kazi yake kuliko lilipokuwa nayo. Na limewezaje kudumu bila kazi ya kwanza? Juu lilijengwa kwa ukweli. Kivuli kizuri hakihitaji dawa ili kiwe na faida.

Bon, turudi kwetu kwa dakika mbili, juu najua kuna mtu ameshauliza "na sisi hii inatuhusu nini?"

Inatuhusu kwa sababu nguzo ya Kikorintho imefika. Iko Bukavu, iko Goma, iko Lubumbashi, ya simenti, imepakwa rangi nyeupe, mbele ya nyumba ya tajiri na mbele ya ukumbi wa harusi. Mara nyingi haibebi kitu. Na ubishi wetu juu yake umekuwa mchovu. Kundi moja linasema "ni uzungu, tuondoe". Kundi lingine linasema "mteja analipa, tuache". Hübsch anatutoa kwenye ubishi huo. Hakuuliza nguzo imetoka wapi. Aliuliza inabeba nini.

Sisi nasi tuko na mawe yetu. Goma iko na jiwe jeusi la volkano, watu wanajengea kuta kila siku, lakini kwa wengi bado linahesabiwa jiwe la uzio na la asiyeweza kununua simenti nyingi. Katanga iko na tofali la kuchoma la udongo wa kichuguu. Bukavu iko na mteremko na mvua, na nyumba zinazoteleza pamoja na kilima. Ni TFC ngapi zimeuliza jiwe la Goma linaweza tao la upana gani? Hiyo kazi haitaki ruhusa ya Paris wala ya Brussels. Inataka maabara, subira na mwalimu atakayeheshimu swali.

Lakini tusichukue nusu ya Hübsch tukafurahi. Kuna namna ya "kiafrika" katika usanifu wa leo inayofanana sana na ukuta wa Götzenberger: hoteli yenye paa la nyasi na vinyago, hadithi zetu zote ziko ukutani, na mlinzi getini anamzuia mtu mwenyewe wa hadithi. Jiwe ni la hapa, mafundi ni wa hapa, picha ni za hapa. Anayekaa kivulini anatoka mbali. Ukweli wa jiwe peke yake hauzuii hilo. Baden-Baden inatuonyesha wazi kabisa, tena kwa jengo zuri, maana jengo baya lingetupa kisingizio.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa usanifu na ujenzi, hata wa sheria na uchumi mtakaokaa siku moja kwenye meza inayopitisha michoro ya soko, ya hospitali au ya ukumbi wa mji: mtu akiwaletea mchoro wenye nguzo, msicheke nguzo. Muulizeni inabeba nini. Akishajibu vizuri, mumuulize pia siku ya mvua ni nani atakayesimama chini yake, na kama mama wa ndizi ataruhusiwa.